Geesje Avuta Yai Mpaka Luxemburg

Kwa miaka yote ya ndoa yao, kazi ya Geesje kwenye kambi yao ya likizo huko Luxemburg ilikuwa kusimama nyuma ya karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, na kupunga mikono. Mumewe, Lammert, yuko kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha. Geesje yuko kwenye majani anapunga: njoo, njoo, kushoto kidogo, kushoto jamani, simama! Na Lammert hasimami. Husimama pale mti unapomsimamisha. Kisha anashuka, anaitazama taa iliyopasuka, anamgeukia mkewe: "Sasa mbona hukuniambia?"

Watu wa kambi walilingoja tamasha hilo mwaka mzima. Ndiyo desturi yetu sisi Waholanzi. Karavani ikiingia getini, hata anayekula huacha sahani. Viti vinageuzwa, kahawa inamiminwa, kila mtu anapewa biskuti moja, moja tu, na kopo linafunikwa. Halafu watu wanakaa kutazama nani leo atagombana na mkewe. Karavani ikikwama wote wanainuka na kusukuma, bila kuombwa, bila hata salamu. Ikishaingia wanarudi kwenye kahawa yao. Haoni haya mtazamaji wala mtazamwa.

Lammert alikuwa dereva wa lori. Tangu ujana wake mpaka alipostaafu alibeba viazi kutoka mashamba ya Drenthe, kwetu huko, mpaka kiwanda cha wanga, na kama kuna kitu alichokijua duniani ni mzigo na mahali pake. Kambini alizunguka na mizani ya bafuni na kipande cha mpini wa fagio, akipima karavani za watu zinalalia gari kwa uzito gani, hata za wasiotaka kupimiwa. "Kizito juu ya ekseli, kwenye magurudumu!" alihubiri. "Mbele kidogo, nyuma usiweke hata chembe! Weka uzito nyuma, uone karavani itakavyokuchezea ngoma barabarani!" Jirani yao wa kambini, Sjaak, mtu wa Brabant, kusini mwa nchi, mwenye tumbo kubwa na mdomo usio na kifuniko, ndiye aliyempachika jina la Mchungaji wa Ekseli. Lammert alijifanya amechukia, lakini alilipenda.

Basi, macho yakamharibikia. Ukungu uliingia katikati. Pembeni aliona vizuri tu, angeweza kukuonyesha kunguru aliyetua kwenye paa la jirani. Ila katikati hapakuwa na kitu. Akikutazama usoni, uso wako haupo. Ili akuone, sharti ageuze shingo kama anayemtazama mtu mwingine. Daktari akasema usukani sasa basi.

Lammert hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, akasema, "Tumemaliza, Geesje. Karavani iuzwe." Akanyamaza majira ya baridi yote.

Geesje alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu wakati huo. Alikuwa amepika maisha yake yote katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee pale mjini, na alishawaona wanaume wengi wanaokaa kwenye kiti kando ya dirisha. Alijua mwisho wake. Ya kwanza kwenda ni miguu, halafu hamu ya kula, halafu mwenyewe. Na alimjua Lammert mwingine, yule wa Luxemburg, wa wiki zile tatu za Julai kando ya mto, aliyenyoa ndevu kwenye karai huku akiimba kwa sauti mbaya mpaka mbwa wa Sjaak wakabweka. Huyo ndiye aliyemtaka arudi. Alimpenda, na alikuwa anaogopa, na akaona kukaa na kuogopa hakusaidii. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Nitavuta mimi," alisema siku moja wakati wa chai.

Lammert alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu Krismasi, na hakikuwa kizuri. "Wewe? Na leseni ipi, mama? Yako hairuhusu mzigo ule. Yako ni ya kuvutia mkokoteni wa mbuzi."

Kwa hilo alisema kweli. Karavani yao ilikuwa kubwa, na leseni ya Geesje, kama za wake wengi wa rika lake, ilikuwa ya gari na trela jepesi basi. Lakini Geesje alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Alivaa koti, akapanda baiskeli, akaenda kwa Egbert.

Egbert ni mfugaji aliyeacha kufuga. Banda lake la ng'ombe sasa hulaza karavani za watu wakati wa baridi, zimebanana mle ndani kama zinavyobanana ng'ombe, na yeye anapita katikati na ndoo kwa mazoea tu. Huko nyuma kabisa, chini ya vumbi la majani makavu, palikuwa na karavani moja ndogo ya fibaglasi, ya mviringo, nyeupe iliyogeuka manjano. Mwenyewe alikuwa mwalimu aliyehamia kwa binti yake na hakurudi tena kuiulizia. Egbert alipofungua mlango, kuku wawili walitoka wakipiga kelele, na juu ya jiko dogo la gesi palikuwa na yai.

"Hii haivutwi, hii inabebwa mkononi," Egbert alisema. "Ichukue, na ile kubwa yenu uniachie. Ninamjua wa kuitaka."

Tangu siku hiyo ikaitwa Yai. Na Lammert alipoletewa uani akaizunguka akiipapasa kwa viganja, alitoa hukumu yake: "Geesje, umetoa nyumba ukaleta kibanda cha kuku."

"Kuku walishahama."

"Harufu yao haijahama."

Akaapa hataingia ndani. Na kweli, hakuingia.

Geesje alifanya kazi majira yote ya kuchipua. Babake alikuwa fundi wa madirisha, na msumeno haukuwa mgeni mkononi mwake. Aling'oa makabati yote ya zamani, mazito na yaliyovimba kwa maji, akatupa. Badala yake akashona mifuko kutoka turubai la hema lao la zamani, akaining'iniza ukutani, ya sahani, ya soksi, ya kahawa. Alitengeneza kitanda cha mbao nyembamba, chenye sanduku chini yake linalofunguliwa kwa kilango cha nje, upande wa nyuma. Akatengeneza meza ya kukunja. Tangi la maji alilihamishia katikati, juu ya ekseli kabisa, maana mahubiri ya mumewe yalikuwa yamemkaa kichwani hata kama hakupenda. Matairi akanunua mapya, breki akazitazama Egbert. Kila alichotaka kukiweka ndani alikishika kwanza mkononi na kukipima: wewe una kazi gani? Chungu cha chuma kikabaki nyumbani. Hata vijiko vilibaki vinne.

Kitu kimoja alikifanya bila kumwambia mtu. Kule kwenye nyumba ya wazee walikuwa wanapaka rangi ya njano ukingoni mwa kila ngazi, kwa ajili ya wale ambao macho yao yamechoka. Geesje alinunua kopo la rangi. Akapiga mstari wa njano kwenye ngazi, kwenye ukingo wa meza, kuzunguka mlango, kwenye pembe ya rafu inayoweza kumgonga mtu kichwa, kwenye mpini wa birika. Taa akaziweka pembeni, si katikati. Kitanda chenyewe alikikata kwa urefu wa Lammert, ambaye ni mrefu kama mlingoti wa simu. Yeye Geesje ni mfupi.

Lammert akawa anasikia msumeno tu kutoka kwenye kiti chake. Na siku moja alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema neno lililokuwa linamkaba.

"Sikiliza. Sitaki kuingia pale getini nimekaa upande wa abiria kama gunia, halafu Sjaak na wenzake waje kunisukumia karavani kwa kunionea huruma. Sitaki. Kwa hiyo tuwekeane dau. Ukilivuta Yai lako mpaka Luxemburg, ukaliingiza kiwanjani kwetu kwa kurudi nyuma, mbele ya watu wote, bila mkono wa mtu kulisukuma, mimi nitanyamaza na tutakwenda kila mwaka. Mkono wa mtu ukisukuma, basi, tukirudi tunaliuza na hatuendi tena. Tukae nyumbani tuzeeke kwa amani."

"Naliweka," Geesje alisema, akampa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umejaa rangi ya njano. Lammert hakuiona. Ilikuwa katikati.

Sasa nikuambie jambo ambalo watu wengi hawalijui. Karavani ndogo ni nyepesi kuvuta, lakini kuirudisha nyuma ni balaa. Kubwa hugeuka polepole, inakupa nafasi ya kujuta. Ndogo hugeuka kabla hujamaliza kufikiri, ikakupigia kona ikakutazama uso kwa uso dirishani. Geesje alifanya mazoezi kwenye ua wa Egbert kila alasiri. Ukitaka liende kushoto unazungusha kulia, na akili inakataa. Aliangusha debe la maziwa. Aliyaponda maua ya mke wa Egbert. Egbert akaketi kwenye ndoo yake akawa anatazama, asubuhi na jioni akikisimulia kijiji kizima, mpaka Geesje akamwambia, "Egbert, ukitabasamu tena narudi nyuma mpaka juu yako." Mwishowe mikono ikajua yenyewe. Siku alipolipitisha Yai kwenye mlango wa banda mara tatu mfululizo bila kugusa nguzo, alishuka garini akacheza peke yake pale uani, na hakujali nani anaona.

Julai ikafika. Jioni ya kuamkia safari, Geesje alichukua ile mizani ya bafuni na ule mpini wa fagio, akaliegemeza Yai juu yake, akapima. Sawasawa. Asubuhi alikwenda kumwachia jirani ufunguo na maagizo ya kumwagilia nyanya, na jirani, kama kawaida, akamwekea kahawa. Aliporudi Lammert alikuwa ameshaketi upande wa abiria, amefunga mkanda, mtulivu kupita kiasi. Mke mwingine angeshtuka. Geesje alikuwa na mengine kichwani.

Wakaondoka. Loh, ilikuwa raha! Gari lao dogo lililivuta Yai kama haliko. Zwolle ikapita, Arnhem ikapita. Lammert alikuwa akitafuna pipi nyeusi za chumvi na kumpa mkewe moja moja, na pale kwenye daraja la mto Maas akajisahau akaanza kuimba. Geesje alisikia lile lisauti baya, akauma midomo asicheke wala asilie, akaendelea kuendesha.

Tambarare ina siri. Nchi yetu haina mteremko, kwa hiyo karavani yenye kasoro huvuka Uholanzi nzima bila kumwambia mtu. Walipoipita Liège, ndani ya Ubelgiji, barabara ikaanza kupanda na kushuka milima, na kwenye mteremko wa kwanza mrefu lori kubwa likawapita kwa upepo. Yai likatikisa mkia. Kushoto, kulia. Kisha kushoto zaidi, kulia zaidi, mpaka gari lenyewe likaanza kuvutwa huku na huku na usukani ukawa hai mikononi mwa Geesje.

"Usikanyage breki!" Lammert alisema. Sauti yake ilikuwa ya dereva, si ya mzee wa kwenye kiti. "Achia mafuta. Shika usukani wima, usishindane nalo. Liache. Liache lichoke lenyewe. Hivyo hivyo, mke wangu. Hivyo hivyo."

Likachoka. Geesje akaingia kwenye maegesho ya kwanza aliyoyaona, akazima injini. Alilia, na hakuficha.

"Ni mimi," alisema. "Nimekata pasipokatwa. Nimetoa makabati, nimehamisha tangi, nimejifanya fundi. Nimeharibu. Umeshinda, Lammert. Tugeuze."

Lammert alitia pipi mdomoni. Ingemtosha kunyamaza. Dau lilikuwa limeanguka mapajani mwake bila kunyanyua kidole, na usiku huohuo angekuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Alitafuna pipi yake mpaka ikaisha. Kisha akageuza shingo, akatazama nje ya dirisha la pembeni ili apate kumwona mkewe.

"Geesje. Kafungue kile kilango cha nyuma."

"Kina nini?"

"Kafungue tu."

Geesje alikwenda akafungua sanduku la chini ya kitanda, lile aliloliacha tupu. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya viazi. Viazi vipya, vya bustani ya Lammert, na udongo wa Drenthe bado umevishika. Na kando yake vitunguu. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Lammert Boerma!" Sauti yake iliwafanya Wajerumani wawili waliokuwa wakila mikate yao wainue vichwa. "Wewe! Mchungaji wa Ekseli! Nyuma! Umeweka magunia mawili NYUMA!"

"Nilipapasa, nikaona hapo pana nafasi," Lammert alisema kinyonge, akishuka garini na kuja kupapasa vitunguu. "Na ulikuwa kwa jirani. Na usingekubali."

"Nimeacha chungu changu nyumbani! Nimeacha vijiko! Mtu mzima nimepima mpaka mswaki! Luxemburg hawana viazi?"

"Wanavyo." Lammert alisita. "Vina maji."

Mganga hajigangi, ndiyo hiyo. Mtu aliyewahubiria watu mizigo miaka yote ile, alipotaka kuficha mzigo wake mwenyewe aliuweka pale pale alipokataza. Geesje alimtazama, jitu refu lile, limesimama kwenye maegesho ya Ubelgiji limeshika kitunguu, na kicheko kikamshika ghafla, kikamkunja mpaka akaketi juu ya gunia. Lammert naye akaanza. Wajerumani wakaona hawa si wazima, wakafunga mikate yao.

Aliposhusha pumzi, Geesje akafuta macho. "Haya. Kwa hiyo Yai langu halina kosa."

"Halina. Limekatwa vizuri." Aliliona neno hilo limetoka kabla hajalizuia. "Lete magunia. Nitayapanga mimi. Sakafuni, juu ya ekseli, tuyakaze na kamba. Hiyo angalau najua."

Ikambidi aingie. Alikuwa ameapa, lakini kiapo hakipangi viazi. Aliweka mguu kwenye ngazi, na Geesje akanyosha mkono amshike asijikwae, kama alivyokuwa akifanya kwenye kila ngazi mwaka mzima. Lammert hakujikwaa. Alipanda kama kijana. Alisimama ndani, kichwa kimeinama chini ya paa. Geesje kule nje alisikia kiganja chake kikipita kwenye ukingo wa meza, kikapita kwenye rafu, kikapita kuzunguka mlango. Alimsikia akilala kitandani, akinyosha miguu mpaka mwisho. Akaamka akafunga magunia, akashuka. Geesje akafunga mlango, akawasha gari.

Kutoka hapo Yai lilikwenda wima, likashuka milima yote ya Ardennes bila kupepesuka.

Mvua ilikuwa imenyesha kambini. Walipoingia getini alasiri, jua lilikuwa limetoka na majani yanameta, na habari ilikuwa imeshafika mbele yao, sijui kwa mdomo wa nani. Viti vilikuwa vimegeuzwa tayari. Safu mbili! Kahawa imemiminwa, biskuti imegawiwa. Sjaak alikuwa amekaa katikati ya safu ya mbele, miguu imepanuliwa, na mkewe Toos kando yake.

"Mama Geesje kwenye usukani!" Sjaak alipaza sauti. "Jamani, watoeni watoto! Wekeni mbwa ndani! Lammert, umeandika wosia?"

"Nimeandika!" Lammert akajibu dirishani. "Wewe nimekuachia kipaza sauti!"

Kambi nzima ikacheka. Lammert akashuka. Bila kuambiwa, akaenda kusimama nyuma ya Yai, kwenye majani, pale alipokuwa akisimama mkewe. Watu wakanong'ona: atamwongozaje huyu na macho yale? Lakini kurudi nyuma ni kazi ya pembeni. Katikati kuna nini cha kutazama? Lammert alikodoa mbele pasipo na kitu, akaona uzio upande huu na mti upande ule, akaanza kugonga ukuta wa Yai kwa fimbo yake. Kulia ko. Kushoto ko ko. Geesje akafungua dirisha, akasikiliza, akafuata. Kila mlio aliufuata, maana yeye si Lammert.

Yai likaingia. Likazunguka mti, ule ule mti wenye makovu ya taa zao, likaupita bila kuugusa. Toos alisimama akapiga makofi. Zilibaki hatua chache tu kufika mahali pake, pale ardhi inapoinuka kidogo kabla ya kulala sawa. Na hapo matairi ya gari yakateleza kwenye majani mabichi. Yakazunguka, yakanguruma, gari halikwenda.

Viti vyote vikalia kwa pamoja. Wanaume wakainuka, Sjaak mbele, mikono imeshanyoshwa. Ni desturi, hawawazi.

"Asiguse mtu!" Lammert alipiga kelele.

Wakasimama hapo walipo. Geesje akajaribu tena, polepole. Akajaribu kwa kasi. Akasogea mbele kidogo akajaribu. Majani yakaruka, yakatua kwenye kahawa ya Sjaak. Gari likawa linachimba tu. Akazima injini.

Geesje aliteremsha kioo mpaka chini. Alijua dau ni dau, na watu wa Drenthe hawapindishi maneno. Wiki tatu za kila mwaka, kunyoa na kuimba, yote yalikuwa pale kwenye majani mabichi. "Basi, Sjaak," alisema. "Njooni msukume. Nimeshindwa."

"Sjaak, kaa chini," Lammert alisema.

Alimpa Toos fimbo yake. Akalipapasa Yai kwa upande, akalipapasa gari, akaja mpaka mbele, akaweka viganja viwili juu ya boneti. Sasa walikuwa wanatazamana, kioo kiko kati yao. Lammert akageuza shingo upande, kana kwamba anaangalia mto, ili amwone mkewe vizuri.

"Washa," alisema.

"Lammert, ukisukuma umelivunja dau."

"Nimeliweka mimi, nalivunja mimi. Washa, mwanamke!"

Geesje akawasha. Lammert akasukuma kwa nguvu zote za mtu aliyepakia viazi maisha yake yote, na matairi yakazunguka, na tope lote la Luxemburg likaruka likampata yeye: viatu, suruali, kifua, ndevu. Hakuachia. Tairi moja likashika. Gari likanyanyuka, Yai likapanda kile kiinuko, likalala mahali pake, na Lammert akaanguka kifudifudi kwenye majani. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika ng'ambo ya mto.

Aliinuka mwenyewe. Tope lilikuwa mpaka masikioni. "Mmeona?" aliwaambia watu wote. "Mzee mmoja, haoni mbele yake, kalisukuma gari na karavani yake! Ile kubwa mngeiweza nyinyi? Hata kumi msingeiweza. Hii ndiyo karavani!"

"Hongera," Sjaak alisema, "lakini Toos kaniambia habari za dau, mkeo alimwambia kwenye simu. Mkono umesukuma. Kwa hiyo mnaliuza? Maana shemeji yangu anatafuta ndogo kama hii."

Geesje alikuwa ameshuka, amesimama karibu na mlango wa gari, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Lammert alifuta tope usoni kwa mkono wa shati, akazidi kulipaka. "Shemeji yako anaona?"

"Kuona? Anaona vizuri sana."

"Basi hatalitaka. Ngazi ina mstari wa njano. Meza ina mstari wa njano. Mlango, rafu, mpaka birika lina mstari wa njano. Taa ziko pembeni. Kitanda kinanitosha mimi mpaka kwenye vidole, sijawahi kulala kitanda kinachonitosha tangu nizaliwe." Akalipapasa Yai ubavuni. "Mimi nilikuwa nikisikia msumeno, nikidhani anajitengenezea yeye. Mtu mwenye macho atalifanyia nini trela hili? Haliuziki. Limekatwa kwa kipimo changu. Ni langu."

Geesje alikwenda akamkumbatia, na tope lake lote, mbele ya safu mbili za viti. Alilia tena, mara ya pili siku hiyo, na safari hii alilia kwa furaha na alijua ni furaha.

"Lako?" alisema kifuani mwake. "Na nani anayelivuta?"

"Wewe. Mpaka ufe."

"Basi kaoge, dereva wangu. Unanuka."

Toos alifungua kopo la biskuti na akagawa ya pili kwa kila mtu, jambo ambalo kambini pale halikuwa limewahi kutokea. Lammert alikwenda kwenye karai, na muda si mrefu mbwa wa Sjaak walianza kubweka. Geesje akaazima chungu kwa Toos, akapanda ngazi ya njano, akafungua gunia la kwanza, akaanza kumenya viazi vya watu wote.